Fumbo la Maneno

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya fumbo la maneno, yaani ule mraba wenye vyumba vyeupe na vyeusi uchapwao katika magazeti, ambao msomaji hutakiwa aujaze herufi. Wako watu wasemao kwamba huo ni mchezo wa kupotezea wakati tu. Sisi twadhani sivyo, na sababu yetu tuliipata kijijini Soga, upande wa Kibaha, ambako fumbo moja lilitushinda karibu asubuhi nzima.

Kwanza yafaa tueleze asili yake. Fumbo la namna hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool nchini Uingereza aliyehamia Marekani, nalo likatokea katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba, 1913. Gazeti la The Times la London lilianza kuchapa la kwake tarehe 1 Februari, 1930. Kwa hiyo umri wake si mkubwa. Lakini kwetu sisi kufumbiana maneno ni jambo la kale. Nani asiyejua mwito wa 'Kitendawili!' na itikio lake, 'Tega!'? Hata gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na watungaji wakajibizana humo. Basi fumbo la gazetini ni ndugu mdogo wa kitendawili, ila lina jambo moja ambalo kitendawili hakina: majibu yake hushikana. Neno lililolala na neno lililosimama hukutana katika chumba kimoja, nayo herufi iliyomo ni mali yao wote wawili. Kwa hiyo kila neno ni shahidi wa mwenziwe.

Lugha ya Kiswahili nayo ina tabia zake zinazomsaidia mfumbuzi. Karibu kila neno letu huishia kwa a, e, i, o au u, isipokuwa machache yaliyotoka ugenini. Kwa hiyo chumba cha mwisho hakimpi mtu taabu nyingi. Tena dokezo likitaja vitu vingi, jibu nalo huwa la wingi, na mwanzo wake waweza kukisiwa. Lakini lugha hiyo hiyo ina mitego. Neno moja hubeba maana mbili au tatu, na mtungaji mwerevu hujificha humo. Mathalan, husema, 'Msituni lina pembe, nyumbani lina makuti, herufi 3.' Jibu ni paa, maana yuko paa mnyama, na liko paa la nyumba.

Sasa tuje Soga. Soga ni kituo cha reli tangu zamani. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ilipita hapo, na reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 nayo ina kituo chake hapo. Siku hiyo tulikuwa tumekaa barazani kwa mwenyeji wetu, tukapata ukurasa wa gazeti uliokuwa umefungia maandazi. Ndani yake mlikuwa na fumbo la maneno ambalo halijaguswa. Majibu, kama ilivyo desturi, yaliahidiwa katika toleo la kesho yake, na toleo hilo hatukuwa nalo. Basi hapakuwa na njia ya kuchungulia.

Pamoja nasi alikuwako mjukuu wa nyumba ile, mwanafunzi wa darasa la 7, kijana hodari wa kusoma. Bibi yake alikuwa akipepeta mchele hatua chache kutoka tulipokaa. Bibi huyo hakubahatika kwenda shule, na kwa ajili hiyo hapana kati yetu aliyefikiri kumshirikisha. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Dokezo la kwanza lilisema hivi: 'Mnyama wa jikoni, ana meno makali, hula nazi wala hashibi, herufi 5.' Kijana alicheka, akasema, 'Hili jepesi,' akaandika panya kwa wino. Nasi tulikubali, kwa kuwa nani asiyejua mambo ya panya na nazi? Hilo lilikuwa kosa la pili.

Tukaendelea na maneno ya kushuka chini. Katika chumba cha tatu cha panya lilianza neno la herufi 3: 'Mrefu, mwembamba, hupita mlango wa sindano.' Hapana shaka ni uzi. Lakini uzi huanza kwa u, na herufi ya tatu ya panya ni n. Katika chumba cha tano lilianza neno la herufi 4: 'Mwalimu husema, wanafunzi huandika.' Kijana alilijua mara moja kuwa ni imla. Lakini imla huanza kwa i, na panya huishia kwa a. Basi mashahidi wawili, wasiojuana hata kidogo, walisimama pamoja kumkana panya.

Hapo ndipo mtu hupimwa. Kijana alinuna, akasema kwamba mtungaji amekosea. Kwa muda mrefu alijaribu kutafuta neno jingine badala ya uzi, na jingine badala ya imla, ili panya wake apone. Nasi twakiri kwamba tulimsaidia katika kazi hiyo isiyo na maana. Ni vigumu kulifuta neno ulilokwisha kuliandika kwa wino mbele ya watu.

Mwisho Bibi aliweka ungo chini, akauliza, 'Mnagombana na nini?' Kijana, kwa haya kidogo, akamsomea dokezo. Bibi akacheka, akasema, 'Mjukuu wangu, mnyama huyo umemkalia leo asubuhi.' Kijana akanyamaza, kisha akaruka. Ni mbuzi! Asubuhi ile ile alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi ya wali. Akamkata panya, akaandika mbuzi juu yake, na uzi na imla wakaingia mahali pao.

Kutokana na ile herufi m ya mbuzi lilishuka neno la herufi 7: 'Kiti cha mfalme asiyejua kutembea, ki mgongoni mwa mama.' Safari hii kijana hakungoja. Aligeuka, akasema, 'Bibi, tusaidie.' Bibi akajibu, 'Mfalme huyo ulikuwa wewe.' Naye akaandika mbeleko. Tangu hapo walikwenda pamoja, mmoja akisoma na mwingine akifikiri, hata vyumba vyote vikajaa ila neno moja. Hilo lilitushinda sote, na kama wasemavyo wategaji wa vitendawili, tulitoa mji.

Wasikilizaji, twaona kwamba fumbo gumu lililotungwa kwa haki lina mafunzo mawili. La kwanza, jibu linalopendeza si lazima liwe jibu la kweli. Sharti likubaliane na yale yanayolizunguka, na likikataliwa na mashahidi, heshima ni kulifuta. La pili, kusoma na kujua maneno ni mambo mawili mbalimbali. Kijana alikuwa na kalamu, Bibi alikuwa na lugha, na fumbo halikufumbuliwa mpaka walipokaa mkeka mmoja. Vijana wasomao wakiacha kuwauliza wazee, maneno mengi ya jikoni, ya shambani na ya baharini yatakwenda kaburini pamoja na wenyewe, na hapana gazeti litakalotoa majibu yake kesho.

Kabla hatujaagana, twawaachia dokezo moja la kuchemshia bongo: 'Pwani huenda upande, jikoni huwaka, herufi 3.' Atakayeshindwa asitoe mji upesi. Kwanza na amuulize mzee aliye karibu naye. Kwaherini.