Taa Isizimike Usiku

Somo: Mambo ya Walawi 24:1-4

 

Somo letu laeleza agizo dogo. Mungu alimwambia Musa kwamba wana wa Israeli walete mafuta safi ya zeituni, na Haruni aitunze taa ndani ya hema tangu jioni hata asubuhi, daima. Angalieni saa aliyopewa. Si mchana, wakati makutano wanapoleta sadaka, bali ni usiku, kambi nzima imelala. Taa ya mafuta haijitunzi. Utambi huungua, mafuta hupungua. Asipokuwapo mtu wa kuukata utambi na kuongeza mafuta, giza litaingia mahali patakatifu, wala hakuna atakayejua.

Ndugu zangu, sisi watu wa Turkana tunao mfano wa jambo hili. Pale Kalokol, kando ya ziwa letu, nchi ya Norwe ilisaidia kujenga kiwanda cha kugandisha samaki. Kilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jengo lilikuwa imara na mitambo ilikuwa mipya. Lakini samaki akiisha kugandishwa, sharti akae katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mchana na usiku, katika nchi ambayo joto lake la mchana hupita nyuzi 35. Mtambo wa baridi hauna siku ya kupumzika. Gharama ya umeme na ya maji safi ikazidi nguvu, na kazi ya kugandisha ikasimama baada ya muda mfupi tu.

Siwacheki waliojenga, nia yao ilikuwa kutusaidia. Lakini Bwana Yesu alifundisha, katika Luka 14, kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama. Na gharama si mawe na saruji peke yake. Ni kila usiku utakaofuata baada ya wageni kurudi kwao.

Sasa wafikirini vijana wetu waliokwenda kufanya kazi katika viwanda vya vyakula huko Eldoret, Thika na Nairobi. Huenda mmoja ni mwanao, naye ni fundi wa mitambo zamu ya usiku. Mashine ya unga ikisimama, ndipo kazi yake huanza. Huifungua, huisafisha, hubadilisha beringi, hutia grisi isiyodhuru chakula. Kabla hajaikabidhi, huhesabu spana zake na kila nati aliyoifungua.

Tuseme imefika saa kumi za usiku, na nati moja haionekani. Msimamizi anangoja. Daftari liko mezani, lahitaji sahihi tu. Akitia sahihi, nani atajua? Lakini nati ile yaweza kuingia katika mfuko, mfuko ukaletwa Kakuma, unga ukapikwa uji, na mtoto akakabwa koo. Fundi hatamwona mtoto yule, wala mtoto hatamjua fundi. Anayewaona wote wawili ni Mungu.

Kwa hiyo fundi mwaminifu asema, "Mzee, mashine isiwashwe kwanza. Nati moja haijaonekana." Huenda akafokewa. Huenda akaandikwa kuwa ni mvivu, tena mchelewaji. Hata hivyo anapiga magoti chini ya mashine na tochi yake, anatafuta. Wapenzi, magoti yale ni ibada.

Mama wa Todonyang, unayewafunika samaki wako wa kukausha usiku wasiharibiwe na umande wala mbwa, nawe u katika zamu hiyo. Muuguzi, mlinzi, na wewe unayekesha na mgonjwa, ninyi pia. Hakuna anayewapigia makofi. Lakini Mungu aliyeagiza taa ya usiku hajasahau kuitazama.

Tena, msikilizaji, imani yako ni taa. Siku ulipookoka palikuwa na nyimbo na vigelegele, na kanisa zima lilifurahi. Usiku wa leo hakuna kwaya. Upo wewe, Biblia yako, na uchovu wa kutwa. Je, utambi umekatwa? Mafuta yapo? Kuna neno ulilotia sahihi kwamba ni sawa, nawe wajua halijawa sawa? Basi usilale kwanza. Washa tochi, litafute.

Na tuombe. Baba yetu, usiyelala wala kusinzia, uwakumbuke wote wanaofanya kazi gizani usiku huu. Uwape mikono ya kweli pasipo mtu wa kuwaona. Utupe sisi sote mafuta ya kutosha hata asubuhi. Kwa jina la Yesu. Amina.