Shingo Ikandwe, Isinyongwe

Leo tuzungumze juu ya shingo.

Makambako ni njia panda. Malori ya Zambia hupita hapo, na magari ya Njombe na Songea huingilia hapo hapo. Sasa gari limesimama, jingine linaligonga kwa nyuma, puu! Mwili wa abiria unasukumwa mbele, kichwa kinabaki nyuma, kisha nacho kinarushwa mbele. Ni kufumba na kufumbua. Misuli na kano za shingo zinavutika kupita kiasi. Damu haitoki. Abiria anasema, "Mimi mzima," anakwenda zake. Kesho yake anaamka shingo imekaza, kichwa kinauma, hawezi kugeuka.

Hapo majirani wanasema, "Mpelekeni kwa mchuaji." Mimi sisemi kuchua ni kubaya. Mikono hulegeza misuli, na mgonjwa hupata nafuu, ingawa ni ya muda. Lakini mchuaji haoni ndani ya mfupa. Kwa hiyo mgonjwa aanzie hospitali. Je, mikono au miguu ina ganzi, au haina nguvu? Mfupa wa ukosi unauma ukiguswa? Anaona vitu viwili viwili? Mkojo unamtoka wenyewe? Huyo mchuaji asimguse kabisa.

Daktari akisema mifupa ni mizima, haya, mkandeni. Baridi ya Njombe mnaijua wenyewe, inazidi kukaza misuli. Chovyeni kitambaa katika maji ya moto yasiyounguza, mkamueni maji, muweke shingoni. Kisha mchueni taratibu mabegani na kando ya shingo, siyo juu ya mfupa. Maumivu yakizidi, acheni.

Ila kunyonga shingo mpaka ilie ka! hapana. Hata vinyozi wengine, wakimaliza kunyoa, wanakamata kichwa cha mtu na kukizungusha, eti wanamnyoosha. Mishipa ya damu ya kwenda kwenye ubongo inapita humo humo shingoni. Ikichanika, mtu anaweza kupooza.

Tena mgonjwa asilale tu wiki nzima. Ageuze kichwa kulia na kushoto, polepole, mara kadhaa kwa siku, hata kama kunauma kidogo. Mazoezi haya yanasaidia kuliko kukandwa peke yake. Mtaalamu wa viungo hospitalini atamwonyesha. Wengi hupona baada ya wiki chache, wengine miezi.

Haya, mwenye swali aulize.