Simu ya Mwalimu na Darasa la Ukanda wa Dhahabu



Katika ukanda wetu huu wa Shinyanga na Geita, kuanzia Mwadui na Kahama hadi Rwamgasa na Nyarugusu, dunia haijawahi kuwa mbali. Mkanada John Williamson alianzisha mgodi wa almasi wa Mwadui mwaka 1940. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi 2009. Mchimbaji mdogo aliyeketi asubuhi mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, anajua bei ya dhahabu ilivyolala jana yake huko London, na ameijua kupitia simu kabla hajanywa chai. Mtoto wake yuko Kidato cha Pili mwendo mfupi kutoka hapo. Anasoma habari za madini katika kitabu kimoja wanachogawana watu kadhaa, na hakuna anayemuuliza baba yake amejuaje hiyo bei.

Katika semina hii ya walimu nimeombwa nizungumzie namna ya kutumia mawasiliano ya mtandao kuliunganisha darasa na ulimwengu. Nitatetea hoja moja tu: tuanze na jambo ambalo wanafunzi wetu wanalijua na wenzao wa mbali hawalijui, ndipo tuulize ni chombo gani kitalifikisha. Sisi tumezoea kuanza na chombo. Kompyuta zinakuja, picha ya makabidhiano inapigwa, kisha tunakaa kutafuta kazi ya kuzipa. Nafahamu shule ambayo chumba chake cha kompyuta kilikaa kimefungwa muhula mzima kwa sababu mwenye ufunguo alihamishwa, na aliyebaki aliogopa kuandikiwa hasara iwapo kitu kitaharibika. Sisemi hivyo kumcheka mtu. Kifaa kisichokuwa na kazi inayojulikana hulindwa kama mali ya ghala.

Tulikotoka

Kuunganishwa na walio mbali si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio. Wazee wetu wengi wanaikumbuka. Kinachosahaulika ni kwamba redio ilikuwa sehemu ndogo ya kazi ile. Kijijini kulikuwa na kikundi, kiongozi wake aliyepewa mafunzo, na kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini somo lilifanyika chini ya mti.

Jirani zetu wa Sengerema nao, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipata kituo cha mawasiliano cha majaribio chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kikisaidiwa na UNESCO, ITU na IDRC ya Kanada. Watu walikwenda pale kupiga simu, kutoa nakala, kujifunza kompyuta na kutuma barua pepe, na baadaye kikawa na redio yake. Nakitaja kwa sababu kilikuwa mahali pa jamii, si pa wataalamu, na mkulima aliingia bila kuona haya.

Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, vipindi vya masomo vilirushwa kwenye redio na televisheni. Vilisaidia kwa kiasi chake. Ila mawasiliano yalikwenda upande mmoja: mtoto alisikiliza, hakuulizwa kitu.

Leo wengi wetu tuna simu janja, na tuna vile vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 kisha vikagawiwa walimu. Tunavitumia kwa mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA), kwa takwimu na taarifa za kata, na, tuseme ukweli, kwa kamati za harusi. Kifaa kipo. Kinachokosekana ni swali.

Swali la zebaki

Nichukue swali moja nilikalie, maana ndilo zito kuliko yote tuliyonayo.

Kila mtoto wa Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa anajua kinachofanyika baada ya mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi. Yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa, zebaki inachanganywa kwa mkono mtupu mpaka inakamata dhahabu. Kisha mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kisichozidi punje ya mahindi. Kinawekwa kwenye kibati juu ya jiko la mkaa. Zebaki inapaa na moshi usioonekana vizuri, rangi ya njano inajitokeza. Mara nyingi jiko ni lilelile litakaloinjikiwa ugali jioni.

Mtoto anayeweza kueleza hivyo hatua kwa hatua ana elimu ambayo mwanafunzi wa Tokyo au Berlin hana. Ila hajui kwamba huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda cha Chisso kilimwaga taka zenye zebaki baharini kwa miaka mingi, na mwaka 1956 ugonjwa uliotokana nayo ukatambuliwa rasmi baada ya wavuvi na watoto wao kuanza kutetemeka, kupoteza uoni na kushindwa kusema. Hajui kuwa mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, ukatiwa saini mwaka 2013, ukaanza kutumika Agosti 2017, na kwamba Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Hapo ndipo mtandao unapopata kazi. Minamata kuna makumbusho ya ugonjwa huo, na waathirika na jamaa zao huwasimulia wanafunzi yaliyowapata. Darasa letu likiandika kwa utaratibu kupitia mkuu wa shule, linaweza kuomba msimulizi mmoja ajibu maswali matano. Lugha isitutishe. Chuo Kikuu cha Osaka kina somo la Kiswahili, na wanafunzi wake wanahitaji watu wa kuongea nao kama sisi tunavyohitaji mkalimani. Kila upande una shida ambayo mwenzake anaweza kuitatua, na urafiki wa namna hiyo hudumu kuliko ule wa kupeana pole.

Mwalimu wa kemia atabanwa, na hilo ni jema. Zebaki ya Minamata iliingia mwilini kwa njia ya samaki, ikiwa katika hali ya methilizebaki. Ya kwetu kwanza inavutwa puani kama mvuke. Wanafunzi wataulizana ni wakati gani zebaki ya mwaloni hubadilika na kuingia kwa samaki wa ziwani, na mwalimu atalazimika kufungua vitabu. Swali la aina hiyo halitoki katika mtihani uliopita.

Sipendekezi kuwapeleka watoto mialoni wakafanye utafiti. Inatosha waeleze wanachokijua tayari, bila kumtaja mtu wala kumpiga picha mzazi wa mwenzao akichoma. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo, na ilitaja Geita, Kahama na Chunya. Ripoti ilisomwa Ulaya na Marekani. Sijui kama watoto waliozungumziwa waliwahi kupewa nafasi ya kuisoma darasani na kusema ni wapi imegonga na ni wapi imepotoka. Nadhani wanadaiwa nafasi hiyo.

Kabla hatujafika Japani, tutazame karibu. Dhahabu inachimbwa na wachimbaji wadogo Migori nchini Kenya, na Kamituga na Mongbwalu mashariki mwa Kongo. Kiswahili kinasikika kote huko, karasha zinanguruma kote, zebaki ipo kote. Mwanafunzi wa Kahama anayeona aibu kuongea Kiingereza mbele ya mgeni ataongea na mwenzake wa Kamituga bila kujiumauma, na atashangaa namna mwenzake anavyokizungumza Kiswahili. Sioni sababu ya kuruka majirani hawa kwenda kutafuta shule rafiki Uingereza kwa kuwa tu barua ya Uingereza inapendeza ukutani.

Bei ya London kwenye somo la hisabati

Hili ni jepesi zaidi na linaweza kuanza wiki ijayo. Bei rejea ya dhahabu huwekwa London mara mbili kila siku ya kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za huko. Kwetu ni saa 7:30 mchana na saa 12:00 jioni, na Waingereza wakisogeza saa zao mbele, inakuwa saa 6:30 mchana na saa 11:00 jioni. Hapo jiografia imeshaingia bila kubisha hodi. Bei hutajwa kwa dola kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Mwalimu achukue bei ya siku kwenye simu yake, aiandike ubaoni pamoja na bei ya dola, na wanafunzi watafute gramu moja ni shilingi ngapi. Kisha wapunguze kwa usafi wa dhahabu, maana inayotoka kwenye kibati si safi yote, na watoe mrabaha, ambao mwaka 2017 ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6.

Soko la dhahabu la Geita lilizinduliwa Machi 2019, hivyo kuna mahali pa kulinganisha hesabu zao na bei halisi. Mtoto akirudi nyumbani na hesabu hiyo, mzazi ataanza kuuliza habari za shule.

Kwa shule za upande wa wafugaji na wakulima, Kishapu na Shinyanga Vijijini, mvua inatosha. Kipimamvua, daftari na mwanafunzi wa zamu kila asubuhi. Mpango wa GLOBE, ambao Tanzania ni mwanachama, unapokea vipimo vya hali ya hewa kutoka shule za nchi nyingi. Mkoa wa Shinyanga ndio uliokuwa na Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) tangu 1986, mradi uliorudisha ngitili, yaani malisho yaliyofungwa, katika zaidi ya hekta 300,000 na kupata tuzo ya Equator ya UNDP mwaka 2002. Watu wa mbali wamekuja kujifunza hapa namna Wasukuma walivyofunga malisho yakaota miti. Wajukuu wa waliofunga malisho hayo wako madarasani mwetu, na babu zao bado wapo wa kuulizwa.

Namna ya kuifanya

Wengi wakisikia darasa la mtandaoni wanafikiria video ya moja kwa moja: projekta, skrini, watoto wa kizungu wanapunga mikono. Naishauri shule isianzie hapo. Saa hazilingani, ratiba haziafikiani, umeme una siku zake, na bando linaisha katikati ya salamu. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Shule iliyokuwa na mazungumzo ya video siku hizo ilibaki inatazama kiduara kinachozunguka.

Ujumbe wa sauti unafaa zaidi. Wanafunzi wanaandika maswali kwenye karatasi, wanayapigia kura, wanabakiza matatu. Anayesoma vizuri anasogea mbali na dirisha la upande wa barabara kwa sababu ya bodaboda, mwalimu anashika simu karibu na mdomo wake, mtoto anasoma. Wanausikiliza pamoja. Mara nyingi wenyewe watasema urudiwe, kwa kuwa swali la pili halieleweki, na hapo wanahariri kazi yao bila kuambiwa. Ujumbe unatumwa mwalimu akipata mtandao, hata kama ni jioni nyumbani. Jibu likija baada ya siku nne, linachezwa kwenye spika ndogo na darasa zima linalisikia, hata yule wa nyuma. Redio za jamii nazo zikikubali kurusha dakika chache za mazungumzo hayo, mzazi asiye na simu janja atamsikia mwanawe.

Njia hii inaheshimu pia katazo la wanafunzi kuwa na simu shuleni. Simu ni ya mwalimu, inatumika mbele ya wote. Na ndiyo maana gharama ya bando isiachwe mfukoni mwa mwalimu. Iingizwe kwenye bajeti ya shule kama chaki inavyoingizwa.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura, sauti na jina la mwanafunzi ni taarifa zake. Mzazi atoe ridhaa kwa maandishi. Jina la kwanza linatosha, kijiji kisitajwe. Mazungumzo yote yapite kwenye kundi lenye walimu wawili wa kila upande, asiwepo mgeni anayewasiliana na mtoto faraghani. Na picha za watoto wetu wakiwa pekupeku zisiwe tiketi ya mtu kuomba misaada. Shule rafiki ikianza kuuliza mnahitaji nini badala ya mnajua nini, mkuu wa shule awe na ujasiri wa kuirudisha kwenye mada.

Mwenyekiti, baada ya chai naomba tukae kwa wilaya. Kila kundi lichague swali moja ambalo wanafunzi wa eneo lake wanaweza kulijibu kuliko mtu yeyote wa nje, liandike ni nani anapaswa kulisikia, na lipendekeze mwalimu wa somo gani ataanza. Kahama na Geita mna zebaki. Kishapu nawaachia mvua au pamba, mtavutana wenyewe. Majibu tuyasome saa nane, kabla ya posho.