Mama Lishe na Wajibu Wake kwa Jamii

Leo tunazungumza na mama lishe, muuza vitumbua na mwenye genge.

Wajibu kwa jamii si wa makampuni makubwa pekee. Meza yako moja inalisha mtaa mzima, hivyo afya ya mtaa imo mikononi mwako. Wateja wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Chakula kifunikwe na kiliwe kingali moto. Maji ya kunywa yachemshwe. Mafuta yaliyogeuka meusi yasirudi kikaangoni.

Kubaliana ujira mapema na binti anayekusaidia, na umlipe kwa wakati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa nayo ni marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Mhimize mteja aje na kikapu.

Kwenye kikoba, changia mfuko wa jamii bila kusuasua. Ndio unaomshika mkono mwenzako anapouguliwa au kufiwa.

Mama, anza leo: weka ndoo yenye koki na sabuni pembeni ya meza yako.