Waya wa Umeme Katika Ukuta wa Zamani

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya kazi ndogo ambayo wengi huidharau, nayo ni kupitisha waya wa umeme juu ya ukuta wa zamani usionyoka.

Umeme ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, ukahudumia karakana za reli na sehemu ya mji. Lakini nyumba nyingi za zamani za Temeke na Kinondoni zilijengwa kwa miti na udongo, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kisha zikapigwa lipu pasipo kuwaza waya. Umeme ulipofika ulitafutiwa njia kama mgeni aliyekuja usiku.

Sisi wenyewe tulikosa. Nyumbani kwetu Temeke tulitaka taa katika chumba cha nyuma. Ukuta ulikuwa na matumbo na mabonde, na waya haukutulia. Basi tukaushikiza kwa misumari, tukaipinda juu yake. Kwa miezi michache tulijiona mafundi. Masika yakaja, bati likavuja, ukuta ukalowa. Asubuhi moja Bibi, miguu mitupu, aliegemea ukuta ule. Akapiga ukelele, na mkono ukamfa ganzi. Mmoja wetu akakimbilia swichi kuu na kuizima kabla ya kumgusa, na ndivyo ipasavyo, maana amshikaye aliyenaswa na umeme aweza kunaswa pamoja naye. Alhamdulillahi, Bibi alipona. Tulipoutazama waya tuliona msumari mmoja umekata ngozi yake hata kufika kwenye shaba. Umeme wa nyumbani ni volti 230, nao watosha kabisa kuua.

Hapo ndipo tulipomwita fundi mwenye leseni ya EWURA, akatuonyesha njia iliyo njema. Twawapa mliyopaswa kuyajua, ili mpate kumsimamia fundi wenu kwa akili.

Kwanza, swichi kuu huzimwa, kisha waya hupimwa kwa testa ili kuhakikisha kwamba hauna umeme.

Pili, ukuta hugongwa kwa kifundo cha kidole. Palipo na mlio mtupu, lipu imeachana na udongo, na skurubu haitashika hapo. Katika ukuta wa miti na udongo, yafaa skurubu iingie katika mti. Nao mti ulioliwa na mchwa usitumainiwe.

Tatu, fundi hushusha timazi na kuchora mstari. Waya hupanda wima au kwenda sawasawa, haukati ukuta kwa mshazari. Sababu yake ni hii: mtu wa kesho atakayetaka kutundika picha akiiona swichi atajua waya umepita wapi, asije akaupiga msumari.

Nne, ukuta kama huo hauchimbwi mfereji, maana lipu huporomoka na miti hudhoofika. Waya hupitishwa ndani ya bomba la plastiki juu ya ukuta. Na hapa ndipo wengi hukosea: hulilazimisha bomba lifuate kila bonde. Bomba lililopindwa kwa nguvu hutaka kujinyosha, na siku kwa siku huzing'oa skurubu. Afadhali kupigilia ubao mwembamba kutoka tumbo moja la ukuta hata jingine, kisha bomba lishikizwe juu ya ubao huo. Pengo litakaloonekana nyuma yake si aibu.

Tano, waya uwe wa kipimo chake: aghalabu milimita mraba 1.5 kwa taa, na 2.5 kwa soketi. Usipite penye kuvuja maji. Tena muwekewe kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja, cha miliampea 30. Kwetu kingalikuwapo, huenda Bibi asingalipata ganzi ile.

Gharama za haya si haba, twakiri, na misumari ni rahisi. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulidharau msumari mmoja, nusura tuchimbe kaburi. Basi leo usiku, kabla ya kulala, tazameni kuta zenu kwa taa. Na mkiona waya uliobanwa na msumari uliopindwa, msiuguse, bali zimeni swichi kuu mkamwite fundi.

Kwa herini.