Stenti Iko Mbali: Mshtuko wa Moyo Mpakani Busia na Tororo

Ndugu madaktari, wauguzi na wahudumu wa afya wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda,

Mgonjwa wa mshtuko wa moyo hapa kwetu mara nyingi haji akisema moyo unamuuma. Husema ni kiungulia, vidonda vya tumbo, au uchovu wa safari. Dereva wa lori kwenye foleni ya mpakani Malaba humeza dawa ya tumbo na kuendelea kungoja karatasi zake, ilhali ateri inayolisha moyo imeziba na msuli wake unakufa.

Stenti hufungua njia hiyo. Daktari hupitisha mrija mwembamba, yaani katheta, kwenye kifundo cha mkono au kinena hadi mlango wa ateri za moyo, akiongozwa na picha za eksirei. Waya hupenyezwa palipoziba, na juu yake hupita puto dogo lililovikwa kijiwavu cha chuma. Puto likijazwa, kizuizi hubanwa ukutani na wavu hutanuka. Puto hutolewa, wavu hubaki. Yote haya hufanyika ndani ya mshipa wenye upana wa milimita 3 au 4. Andreas Grüntzig alitumia puto peke yake huko Zürich mwaka 1977, lakini ateri nyingi zilisinyaa tena. Mwaka 1986, mjini Toulouse, Jacques Puel akaweka stenti ya kwanza katika ateri ya moyo wa binadamu. Za leo nyingi hupakwa dawa ya kuzuia kovu lisiote ndani.

Tatizo letu ni barabara. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago jijini Kampala, ina chumba cha katheta tangu 2012, lakini kutoka Tororo ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Jinja, msitu wa Mabira na msongamano wa Kampala. Nairobi ni mbali zaidi. Mwongozo wa kimataifa unasema kwamba ikiwa stenti haiwezi kuwekwa ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, na hazijapita saa 12 tangu maumivu yaanze, mgonjwa apewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mradi hana hatari ya kuvuja damu, kisha asafirishwe. Kwa hiyo nasema waziwazi: tusianze kudai chumba cha katheta wakati mashine ya kupima umeme wa moyo haina karatasi. Kipimo hicho, aspirini ya kutafuna na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndivyo vitakavyookoa watu wetu wengi zaidi.

Lipo jambo jingine linaloniumiza. Familia huuza ng'ombe na shamba kwa ajili ya stenti ambayo mgonjwa pengine haihitaji kwa haraka. Jaribio la ISCHEMIA, lililochapishwa 2020 likiwa na wagonjwa 5,179, lilionyesha kwamba kwa mtu ambaye maumivu yake ni ya siku nyingi na hayabadiliki, kuanza na stenti au upasuaji hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa nzuri. Stenti humpunguzia maumivu, na hilo si dogo, lakini ndugu wanastahili kuelezwa kabla ya kuuza. Katika mshtuko wa ghafla hali ni tofauti kabisa: hapo kufungua ateri ni kuokoa uhai.

Aliyewekewa stenti hupewa aspirini pamoja na klopidogreli au dawa ya jamii yake, kwa kawaida miezi 6 hadi 12. Akiziacha mapema kwa kukosa nauli au hela, damu inaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe, na wengi hufa kwa hilo.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa mwaka 2018 ili shehena isikaguliwe mara mbili. Mgonjwa anayevuka mpaka naye anastahili hivyo: asichunguzwe upya kila upande. Ninaomba hospitali za Busia zote mbili na ya Tororo zikubaliane juu ya karatasi moja ya rufaa, yenye saa maumivu yalipoanza, nakala ya kipimo cha moyo, na majina halisi ya dawa badala ya majina ya kampuni. Tuiandike leo, kabla hatujatawanyika.