Piga Hodi kwa Jirani Msimu Huu wa Joto

Haya ni maelezo ya afisa wa afya ya umma aliyozungumza na wakazi katika baraza la kijiji, msimu wa kaskazi uliposhika kasi. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

Nashukuru mmekubali tukutane saa mbili asubuhi chini ya mwembe huu, badala ya saa sita mchana kama tangazo la kwanza lilivyosema. Baraza la kuzungumzia joto halifai kufanyika juani.

Nimekuja na neno moja tu, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Joto linapozidi, dawa ya kwanza haiko zahanati. Iko kwa jirani anayepiga hodi.

Niwaeleze nimelijuaje. Nyanya yangu aliishi katika nyumba ya makuti maisha yake yote. Sisi wajukuu tulipoanza kupata mishahara, tukaona ni aibu. Tukachanga, tukamjengea chumba kizuri cha matofali, tukaezeka mabati na kuweka dirisha dogo lenye vyuma ili wezi wasiingie. Tukapiga picha, tukafurahi, kila mtu akarudi kazini kwake. Hatukuweka dari wala hatukupanda mti hata mmoja.

Mwezi wa Machi uliofuata, mama mmoja jirani alikwenda kwake alasiri kumrudishia ungo. Akapiga hodi mara tatu, kimya. Wengi wetu tungeweka ungo mlangoni tukaondoka. Yeye alisukuma mlango akaingia. Alimkuta nyanya amekaa kitandani, mwili unachoma kama chungu, anamwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Watoto wa boma walikuwa wamemsikia akisema maneno yasiyoeleweka tangu mchana, wakadhani ni uzee tu. Yule mama hakungoja mtu. Aliita vijana, wakamtoa hadi chini ya mwembe, wakammwagia maji, wakampepea kwa ungo uleule huku mwingine akikimbilia pikipiki ya kumpeleka hospitali.

Nyanya alipona. Tulipomuuliza baadaye, alituambia kwamba alikuwa amepunguza kunywa maji kwa sababu choo kiko mbali na miguu inamuuma. Mimi, mtu wa afya, nilikuwa nimempigia simu siku mbili kabla na kumuuliza kama amekula. Sikumuuliza kama amekunywa maji. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi siku hiyo nilikuwa fimbo ya mbali.

Tuelewe kwanza joto linatufanya nini. Mwili wa binadamu hupenda kukaa karibu na nyuzi 37. Ukipata joto, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi, na jasho hutoka. Jasho linapokauka ndipo mwili unapopoa. Huku pwani kuna tatizo. Hewa yetu wakati wa kaskazi ina unyevu mwingi, jasho linatiririka bila kukauka. Ndiyo maana nyuzi 33 za hapa zinaweza kumchosha mtu kuliko joto kubwa zaidi la sehemu kavu. Na usiku ukiwa wa moto pia, moyo haupati nafasi ya kupumzika.

Wanaoumia haraka ni wazee, watoto wachanga, akina mama wajawazito, wagonjwa wa moyo, figo, presha na kisukari, na wale wanaofanya kazi juani: wenzetu wa mashamba ya chumvi kule Magarini, wachimba mawe, wajenzi, wavuvi, wabeba mizigo na vijana wa bodaboda.

Mtu anaweza kusema, sisi tumezaliwa kwenye joto, litatufanya nini? Nawaomba tukumbuke yaliyowapata wengine.

Mwaka 1995, katika siku chache za mwezi wa Julai, joto liliua watu zaidi ya 700 katika mji wa Chicago, Marekani. Miili ilikuwa mingi hadi ikabidi kutumia malori yenye friji. Ule ni mji tajiri, wenye hospitali kubwa. Wataalamu walipochunguza, walikuta kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni waliokuwa wakiishi peke yao na wasiotoka nje kila siku. Wengi walikuwa wazee waliojifungia kwa kuogopa wezi. Waliokuwa na marafiki na watu wa kuwatembelea walinusurika zaidi.

Mwaka 2003, mwezi wa Agosti, ikawa zamu ya Ufaransa. Walikufa watu wapatao 15,000, wengi wao wazee. Agosti ni mwezi wa likizo kule, na jamaa wengi walikuwa wamesafiri. Baada ya msiba huo, serikali ilizitaka ofisi za miji kuweka orodha ya wazee na walemavu wanaoishi nyumbani, ili joto likija wapigiwe simu na kutembelewa. Nchi yenye fedha na mitambo yote ilifika mahali pa kuandika sheria ya kujuliana hali.

Mwaka 2015, mwezi wa Juni, joto liliua zaidi ya watu 1,000 mjini Karachi, Pakistan. Karachi uko kando ya bahari kama sisi, na watu wake wamezoea joto. Lakini siku zile upepo wa bahari ulikatika, umeme ukawa unapotea, maji yakawa shida, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Tusiseme upepo wa bahari utatulinda siku zote.

Mwaka 2024, wakati wa Hija, joto la Makka lilipita nyuzi 50. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Wengi wa waliofariki walikuwa wamekwenda bila kibali rasmi, wakatembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, jirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule kote nchini kwa sababu ya joto. Na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba 2024 ndio mwaka uliokuwa na joto kubwa zaidi tangu vipimo vianze.

Huku kwetu, mtu akifa mchana wa joto, tunasema ni presha au ni umri. Huenda ni kweli, lakini mara nyingine joto ndilo lililomsukuma. Joto halibomoi nyumba kama mafuriko, wala halipigi kelele. Ndiyo maana linahitaji macho ya jirani.

Sasa tufanye nini? Nitasema yale ambayo kila nyumba inaweza.

Kwanza ni maji. Usingoje kiu. Mzee huenda asisikie kiu hata kama mwili umekauka. Mwekee maji karibu na mkono wake, na kama choo kiko mbali, mpe ndoo ya usiku na umwondolee aibu. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, maji hayatoshi. Anayetoka jasho siku nzima anahitaji pia chumvi kidogo mwilini. Dawa ya kurudisha maji mwilini ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge. Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kwa mhudumu wa afya. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji. Na tafadhali, pombe si maji. Inakausha.

Pili ni kazi. Kazi nzito ifanyike alfajiri na jioni. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, mwenye uwezo akae kivulini. Waajiri, nawaomba muweke maji na kivuli pale watu wanapofanyia kazi, na muwaruhusu kupumzika. Mfanyakazi mgeni asipewe mzigo mzima siku ya kwanza, kwa sababu mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto.

Tatu ni nyumba. Mchana funika dirisha linalopigwa na jua kwa pazia au leso, na jioni hewa ikipoa fungua pande zote mbili upepo upite. Mwenye mabati anaweza kuweka dari, hata ya mikeka, au kutandaza makuti juu yake. Pikia nje ya chumba cha kulala. Pandeni mwembe au mkilifi upande wa magharibi. Kivuli chake kitachelewa, lakini wajukuu watakikuta. Kabla ya kulala, oga au jifute kwa kitambaa chenye maji. Feni inasaidia zaidi ngozi ikiwa na unyevu.

Nne, watoto. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache. Usimfunike mchanga leso mbili tatu kwa kuogopa upepo.

Tano, miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kipindi chetu cha joto. Wanaofunga wanywe maji ya kutosha kati ya futari na daku, na wapunguze kazi za juani. Mgonjwa, mjamzito na mzee dhaifu wazungumze na daktari na pia na sheikh wao kabla ya kuanza. Dini imewawekea nafasi, na si aibu kuitumia.

Anayetumia dawa za presha zinazokojoza asiziache mwenyewe kwa sababu ya joto. Aende kliniki aulize.

Sasa dalili. Mtu akitoka jasho jingi, akahisi kizunguzungu, kichwa kikauma, misuli ikakaza au akatapika, huyo amechoshwa na joto. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogokidogo, mlowanishe na umpepee. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, mpeleke kituo cha afya.

Lakini akianza kuchanganyikiwa, kupayuka, kuyumba kama mlevi, kutetemeka kwa degedege au kuzimia, na mwili wake ni wa moto sana, hiyo ni hatari ya kufa. Usiseme ni mapepo, usiseme amelewa. Ita usafiri wa kwenda hospitali, na wakati unangoja umpoze: mwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja karibu na kinena. Usimnyweshe kitu kama hana fahamu sawasawa. Dawa za kushusha homa hazisaidii hapa. Usingoje gari lifike ndipo uanze kumpoza, kwa sababu kila dakika ina thamani.

Namalizia kwa ombi. Kila nyumba kumi, kabla hatujaachana leo, zikae kidogo pale pembeni na zitaje majina: nani anaishi peke yake, nani haoni vizuri, nani amelala kitandani, nani amejifungua juzi. Kwa kila jina, mtu mmoja aseme, "Huyu ni wangu." Kazi yake si kubwa. Siku ya joto kali apige hodi mara mbili, mchana na jioni, na aulize maswali matatu: umekunywa maji? Umelala usiku? Unanifahamu mimi ni nani? Asipoitikiwa, aingie. Wahudumu wa afya ya jamii wachukue nakala ya orodha hiyo, nami nitaipitia pamoja nao.

Na ninyi vijana mliojenga nyumba za mabati za wazazi mkarudi mjini kama nilivyofanya mimi, mtafuteni jirani wa mama yenu mumwombe rasmi. Mpeni nambari ya simu, na mkija likizo msisahau kumletea sukari.

Yule mama aliyerudisha ungo bado yuko, amezeeka sasa, na anaishi peke yake. Msimu huu jina lake liko kwenye orodha yangu. Nikitoka hapa nakwenda kumpigia hodi.

Mrudi nyumbani kabla jua halijafika utosini.